Wifi Bure

Kila mtandao unapokatika nyumbani kwangu Acocks Green, mama hupiga kelele kutoka chumba cha juu: "Wifi kaondoka tena!" Binti yangu hucheka mpaka akajishika mbavu. Ana miaka kumi na minne, kazaliwa hapa hapa Birmingham, Kiswahili anakisikia vizuri ila anakujibu kwa Kiingereza, na kwake hicho ni kichekesho cha bibi tu. Mimi sicheki. Huenda nikakizima kile kidude cha mtandao, nikakiwasha, nikangoja taa zake zirudi, na muda wote huo nina hasira na mtu nisiyetaka kumtaja.

Mke wa kaka yangu alikuwa wifi yangu, na mimi wifi yake. Neno ni hilo hilo moja, linakwenda na kurudi. Alitoka Tanga, akaletwa kwa visa ya mke kwenye nyumba ya kaka yangu kule Great Barr, ambako mama naye alikuwa akikaa. Alikuwa mtaratibu mpaka anakera. Asubuhi uji wa mama tayari, jioni anampaka mama mafuta ya karafuu miguuni, kila kidole peke yake, na akiulizwa kitu anajibu "labeka" kama mtoto wa chuo cha Kurani. Miaka mitano kasoro miezi miwili alikaa vile. Mtoto hakupatikana.

Mama alikuwa akisema, "Nyumba hii sufuria tele, mlaji hamna." Alisema mbele ya wageni, alisema kwenye simu na watu wa Unguja, alisema akiwa anapakwa miguu. Na mimi, sitajisafisha, nilimpita mama kwa mbali. Siku moja kwenye akika ya watu, kichanga kikawa kinapokezanwa, mkono hadi mkono, kila mwanamke anakinusa shingoni. Kilipokaribia kumfikia yeye, na mikono keshainyoosha, mimi nikakidaka. "Mrukeni huyu," nikasema, "mikono yake haijazoea, asije akakiangusha." Wanawake wakacheka. Yeye naye akacheka, akairudisha mikono yake mapajani.

Sasa hili nilieleze mapema, nisije nikaonekana nimelificha. Mimi nalea wazee kwenye nyumba moja Sutton Coldfield, huenda na kurudi kwa treni. Miaka mitatu kabla ya safari nitakayoieleza, nikiwa nasubiri treni ya jioni, nilimwona kaka yangu kwenye jukwaa la upande wa pili. Mabegani kambeba mtoto wa kike wa mwaka mmoja hivi, nywele zake zimechanganya za kwetu na za kizungu, na mwanamke wa kizungu kamshika mkono. Mtoto ana paji la uso la baba yetu marehemu. Kaka akaniona. Kesho yake alikuja kwangu mbio mbio. "Dada, nifichie. Mama nitamwambia mwenyewe." Nikamfichia. Ndiye mwanamume pekee mama aliyemzaa, na tangu utotoni akivunja kitu mimi ndiye niliyefagia vigae.

Wenye akili timamu watasema basi nilipaswa kumwonea huruma wifi yangu. Mimi nilipiga hesabu nyingine. Kaka anazaa, nimemwona mtoto kwa macho yangu. Kwa hiyo kasoro ni ya mwanamke. Yaani siri ile, badala ya kunilainisha, ilinipa kiburi. Nilimdharau kwa uhakika.

Habari ya Bursa mama aliileta kutoka darasa la wanawake. Kuna mji Uturuki, akaambiwa, mji wa masultani wa zamani, maji ya moto yanatoka yenyewe chini ya mlima, na wake wa masultani waliokuwa hawashiki mimba walikuwa wakioga humo wanashika. Nani aliyeyathibitisha, mama hakuuliza. Aliamua tutakwenda watatu, wikendi moja, Ijumaa mpaka Jumapili. Kaka alikubali haraka kupita kiasi. "Nendeni, nendeni, mkapumzike." Nilijua kwa nini amefurahi vile na wikendi yake ataimalizia wapi.

Alitupeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Alipokwenda kuegesha gari, mama akamgeukia mkwe wake pale pale kwenye foleni ya mabegi. "Nisikilize vizuri. Maji haya yakikukataa, mwanangu anaoa, na wewe unarudi kwenu Tanga. Mimi sina muda, naondoka duniani sijapakata mtoto wa mwanangu huyu." Wifi akasema, "Inshallah, mama." Wote watatu tulijua maana ya maneno yale. Miezi miwili mbele alikuwa na fomu ya mwisho ya ukaazi wa kudumu, na fomu ile ilitaka saini ya mume. Akisainiwa, hakuna wa kumrudisha popote. Asiposainiwa, miaka mitano ya uji na karafuu inakwenda na maji.

Mama alikuwa kachukua singo ndani ya chupa ya jemu: liwa, karafuu, maua makavu ya waridi, kasaga mwenyewe. Maafisa wa uwanja wa ndege waliifungua, wakainusa, wakaitana watatu kuinusa. Mama akaniambia niwaambie ni dawa ya bi harusi. Niliwaambia ni ya ngozi. "Tunamwogesha, tunamsinga upya kama mwari," mama akasema, "tumtoe nongo zote za miaka hii."

Bursa tulifika jioni ile, tukishuka kutoka basi la Istanbul tumechoka hatutamaniki. Mlima ulikuwa pale juu ya mji, kilele bado kina theluji, na chini yake minara na mapaa ya vigae vyekundu. Hoteli ilikuwa mtaa wa chemchemi, mtaa mzima unanuka mayai viza. Mama akajiziba pua kwa ushungi wake. "Ebo! Ndiyo maji yenyewe haya?" Ukumbini, juu ya meza ya mapokezi, palikuwa na kibao kikubwa cha bluu: FREE WIFI.

Mama akaniuliza, "Pale pameandikwaje?"

"Wifi bure," nikamwambia.

Wallahi sikukusudia. Lakini mama alimtazama mkwe wake, aliyekuwa anahangaika na mabegi matatu peke yake, kisha akakitazama kibao, akaanza kucheka. Alicheka mpaka nikamvutia kiti. "Wifi bure! Hata Waturuki wanajua! Wamemwandikia kabisa!" Nami nikacheka, machozi yakanitoka. Dada wa mapokezi alitabasamu kwa heshima, hajui kinachochekwa. Wifi akatabasamu pia, akaweka mabegi chini, akasema, "Mama, twende ukapumzike." Tangu hapo wikendi yote nilikuwa namwita hivyo. Wifi bure, nipitishie mkate. Wifi bure, mshike mama mkono. Hakuwahi kunijibu.

Jumamosi asubuhi tukaenda hamamu, ya kale, upande wa wanawake. Mnavua nguo, mnapewa kitambaa cha mistari mithili ya kikoi, mnaingia. Ndani kuna kuba kubwa lenye matundu ya vioo, mwanga unashuka vipande vipande kwenye mvuke, na katikati kuna jiwe pana la marumaru linalochoma makalio. Pembeni mabeseni ya mawe, kila moja na bakuli lake la shaba la kujimwagia. Wanawake wa Kituruki walikuwa wamejilaza wameachia miili yao, wazee kwa vijana, hakuna anayemtazama mwenzake. Sisi tulitazamana. Mama na mimi tulitaka kuuona mwili wa yule mwanamke. Miaka mitano kakaa nasi hatujapata kumwona hata bega.

Akaja msuguaji, mama mmoja mnene mwenye mikono ya mtu anayekanda unga, glavu ngumu ya kusugulia mkononi. Alianza na mama. Nongo zikamtoka nyeusi, za kuviringika. Mama akafurahi, akazionyesha. Kisha msuguaji akamgeukia wifi yangu, aliyekuwa amekaa kando ya beseni na lile bakuli mapajani, akamnyooshea kidole, akasema kwa sauti ya amri:

"Tasa! Tasa!"

Kuba likalipokea neno, likalirudisha. Mama akashika kifua. "Lahaula! Umesikia? Umesikia mwenyewe? Kamtazama mara moja tu kamjua! Tasa!"

Mimi nilielewa papo hapo. Mama yule alikuwa anataka bakuli, alikuwa anamwambia atie maji kwenye bakuli. Hata kwetu bibi zetu bakuli la shaba waliliita tasa. Ningesema, "Mama, anataka lile bakuli," yangeisha. Sikusema. Nilicheka, na nilicheka kwa sauti kwa sababu mle ndani kicheko kinasikika vizuri. Msuguaji, akiona haeleweki, akarudia kwa nguvu zaidi, kidole kile kile, "Tasa! Tasa!" na wifi yangu, mwanamke niliyedhani hana machozi, akaanza kulia, bakuli limeshikwa kwa mikono miwili. Mwishowe yule mama alilichukua bakuli mwenyewe, akatia maji, akammwagia kichwani. Sidhani kama aliona kuwa analia, kwa maji yale.

Akamlaza kwenye jiwe. Mama akanipa chupa ya singo, nikachuchumaa karibu ya kichwa, tayari kumpaka. Msuguaji akamsugua mgongo, mapaja, kisha akamnyanyua mkono wa kushoto, akapitisha glavu kwa ndani, juu ya kiwiko. Akasita. Akavua glavu, akapapasa kwa kidole. Akanitazama, akasema kitu kwa Kituruki, akanichukua kidole changu akakiweka pale.

Nilikijua. Mimi mwenyewe nilikuwa nacho baada ya kumzaa binti yangu, miaka mitatu kilikaa mkononi. Kijiti cha uzazi wa mpango, chembamba, laini, kinateleza chini ya ngozi ukikibonyeza, na kovu lake dogo kama la ndui.

Wifi alifungua macho. Alikuwa ananitazama kutoka chini, uso wake umepinduka, nywele zimemganda usoni. Akatikisa kichwa taratibu. "Wifi," akaninong'oneza, "nakuomba. Miezi miwili tu."

Mara ya kwanza kuniomba kitu maishani mwake. Na nitasema nilichohisi, kwa kuwa ndiyo sababu ya kuandika: nilihisi raha. Miaka yote nimemtafuta kosa, nalipata uchi, juu ya marumaru.

"Mama!" nikaita. "Njoo ushike! Mkweo ana kijiti!"

Mama hakuelewa kijiti ni nini, ikabidi nimweleze, kwa sauti, neno kwa neno: kinazuia mimba, unawekewa na daktari, mwenyewe unakubali. Alipoelewa hakupiga kelele. Alikuja akiteleza, akakishika, akakibonyeza kana kwamba anataka kukitoa kwa kucha. "Miaka mitano," akasema. "Miaka mitano unanipaka miguu yangu, na hiki unacho."

Wifi akainuka, akajifunga kitambaa chake vizuri. Sijapata kumsikia akisema maneno mengi kama siku ile. "Muulize mwanao, mama. Yeye ndiye aliyenipeleka kliniki, mwezi wa kwanza nilipofika. Cha kwanza kilipoisha muda akanipeleka tena. Aliniambia hataki mtoto na mimi, nikae nikuhudumie wewe, nikimaliza miaka mitano ataniwekea saini niende zangu. Nimetukanwa tasa nikanyamaza. Mtoto wake yuko Sutton Coldfield, wa kike. Muulize wifi hapa. Anajua, aliwaona stesheni. Mume wangu mwenyewe kaniambia kuwa anajua."

Mama akanigeukia. Matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kuba, moja moja. "Ni kweli?"

Ningekubali, ingenipasa pia kueleza kwa nini nimenyamaza miaka mitatu, nikimwacha mama anakufa na kiu ya mjukuu aliye kituo kimoja cha treni na kazini kwangu. Nilimwogopa mama. Mwanamke mzima, na binti yangu mkubwa, bado namwogopa.

"Sijui anachosema," nikajibu.

Siku ile iliyobaki mama hakutoka chumbani. Jumapili asubuhi wifi alinikuta kwenye ngazi. Alikuwa keshavaa, begi lake keshafunga. "Mama anataka kumpigia simu mume wangu baada ya chai," akasema. "Wifi, sikuombi unitetee kwa lolote jingine. Mwambie mama tu uliyoyaona stesheni. Akijua kuwa ni kweli, hatamkubalia mwanawe aniache, ataona haya. Neno moja tu." Nikamwambia, "Nitaona." Akasema ahsante. Alisema ahsante kweli, akaniinamia kidogo, na mimi nikateremka kwenda kula mayai na zeituni.

Mama alipiga simu ukumbini kwa sababu vyumbani mtandao haukushika. Akaiweka sauti kubwa. Kaka alisikiliza lawama zote za kijiti mpaka mwisho, kisha akapaza sauti. "Mama, wallahi sikujua! Ndiyo kwanza nasikia! Kumbe mtu unalala naye, anakuulia ukoo wako!" Niliijua sauti ile. Ndiyo aliyoitumia akiwa na miaka saba, kikombe kimevunjika.

"Anasema wewe ndiye uliyempeleka," mama akasema. "Anasema una mtoto nje, na dada yako anajua."

Nilidhani mtandao umekatika. Halafu kaka akasema polepole, "Dada yupo hapo? Dada, si ulikishika mwenyewe? Sema basi. Sema ulichokijua."

Mama na wifi wakanitazama. Wifi alikuwa kasimama kando ya begi lake, mikono kaifumbata mbele. Hakutikisa kichwa safari hii, wala hakuomba.

"Kijiti nilikishika kwa mkono wangu," nikasema.

Ni kweli tupu. Hakuna mtu atakayenishika uongo kwa sentensi ile. Nikaishia hapo.

"Basi mimi nime... ...talaka... ...tatu," simu ikasema, ikikatika.

"Sema tena, baba," mama akaikaribia simu. "Wifi mbaya hapa."

Akasema tena. Safari hii ilisikika mpaka kwenye meza ya mapokezi.

Mtoto wa Sutton Coldfield mama alikuja kumpakata baada ya nusu mwaka, kaka alipomleta mwenyewe. Alipiga vigelegele, akamsamehe kaka kila kitu kwa siku moja, akasema damu ni damu. Mama yake mtoto alihamia Great Barr, na hakutaka mama mkwe ndani ya nyumba, hakutaka harufu ya karafuu. Ndiyo maana mama yuko kwangu, na miguu yake nampaka mimi, kila kidole peke yake, na kila siku ananiambia sijui kupaka. Wifi yangu alirudishwa Tanga kabla fomu haijafika kwa mtu. Sijui zaidi ya hapo. Namba yake haiingii.

Lakini Jumapili ile pale ukumbini bado alikuwa amesimama. Hakulia. Dada wa mapokezi alikuwa kasikia neno moja tu analolijua katika kelele zetu zote, wifi, wifi mbaya, akadhani tunalalamikia mtandao wake. Akaja haraka na tabasamu lake na kikaratasi chenye namba za siri, akampa yule aliyekuwa karibu naye. Wifi yangu akakipokea kwa mikono miwili, kama alivyolelewa. Akakisoma. Akakitazama kile kibao cha bluu ukutani, kisha akanijia mpaka akanifikia kabisa, akaufungua mkono wangu, akakiweka ndani yake, akanifumba vidole kimoja kimoja.

"Shika," akaniambia. "Chako hiki. Wifi bure."

Akachukua begi lake akaenda kukaa mlangoni kusubiri basi.

"Kasemaje?" mama akauliza. "Sasa itashika?"

"Itashika, mama," nikasema, nikaanza kuingiza namba.